Ziara za nyumbani kwa watoto wadogo: tunahesabu kaya au tunakaa na mama?

Binti wa Kitulo (mleta uzi)

Wanajukwaa, kamwene, na shikamooni wakubwa zangu wote.

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA) katika kijiji kimoja cha mkoa wa Njombe, na kazi yangu kubwa imekuwa kupiga hodi kwenye nyumba zenye wajawazito na watoto wadogo. Naleta uzi huu kwa sababu kazi hii, ambayo kwa muda mrefu ilifanywa na watu wa kujitolea wasiojulikana na yeyote nje ya kitongoji chao, sasa imekuwa jambo la taifa. Tarehe 31 Januari 2024 aliyekuwa Makamu wa Rais, Dkt. Philip Mpango, alizindua mpango wa miaka mitano unaolenga kuwa na wahudumu 137,294, yaani wawili katika kila kitongoji na wawili katika kila mtaa. Kabla ya hapo, Desemba 2021, ilizinduliwa jijini Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo inataka mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8 apate kwa pamoja afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama.

Nafurahia mipango hiyo kwa moyo wote. Hofu yangu ni moja tu, nayo ndiyo iliyonifanya niandike: kwamba tutaipima ziara ya nyumbani kwa idadi ya kaya zilizofikiwa, na tutasahau kuuliza mgeni alikaa kwa muda gani, alifanya nini na mtoto, na alirudi lini katika nyumba ile ile.

Nieleze kwa mfano. Miaka kadhaa iliyopita ulikuja kwetu mradi mmoja, ambao sitautaja jina, ukatupa baiskeli, fulana na fomu yenye kurasa nne. Kila mwezi tulitakiwa kufikisha kaya 60. Nilikuwa nafika kwa mama, nauliza kama ana choo bora, kama mtoto analala kwenye chandarua, kama kadi ya kliniki ipo, naweka alama, nashukuru, naondoka. Takwimu zetu zilisifiwa mpaka wilayani. Siku moja, katika nyumba ambayo nilikuwa nimeifikia mara saba, mvua kubwa ilinizuia nikakaa karibu saa mbili. Ndipo nilipogundua kwamba mtoto wa pale, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, hakuwa ametamka neno hata moja, na kwamba mama yake, aliyekuwa akimfunga mgongoni tangu alfajiri kwenda kibarua cha kuvuna viazi, hakuwa na mazoea ya kumsemesha. Nilipomuuliza kwa upole, alinijibu kwa unyoofu kabisa: mtoto bado hajui kuongea, sasa nitamwambia nini? Mara saba nilikuwa nimeingia nyumba ile na kujaza kurasa ishirini na nane, na hakuna swali hata moja lililokuwa limenifikisha kwenye jambo hilo.

Mama yule hakuwa mzembe. Mtoto alikuwa safi, amechanjwa, na alinyonya ipasavyo. Hakuwa ameambiwa na mtu yeyote, nikiwemo mimi, kwamba ubongo wa mtoto huanza kuyashika maneno muda mrefu kabla ya ulimi kuyatoa.

Binti wa Kitulo

Naendelea, maana historia ya jambo hili iko hapa hapa Nyanda za Juu Kusini na vijana wengi hawaijui.

Mwaka 1983, wakati Njombe, Makete na Ludewa zikiwa bado ndani ya mkoa wa Iringa, serikali ikishirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha zilizotoka Italia, ilianzisha programu ya lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Watoto walipimwa uzito kijijini mbele ya wazazi na viongozi wao, matokeo yakajadiliwa na halmashauri ya kijiji yenyewe, na wahudumu waliochaguliwa na kijiji wakafuatilia nyumbani wale waliokuwa wameteremka kwenye chati. Wazee wetu wanakumbuka utaratibu wa hatua tatu uliorudiwa kila mara: kutathmini hali, kuchambua chanzo chake, kisha kutenda, halafu kuanza tena. Kati ya mwaka 1984 na 1988 utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Fikra zilizozaliwa Iringa ndizo zilizoingia katika mkakati wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990, ambao dunia nzima bado inaufuata kwa namna moja au nyingine.

Lakini tazameni tulipo sasa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi mno kwa umri wake, nchini umeshuka hadi asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16. Mikoa inayoongoza ni Iringa kwa takriban asilimia 57, kisha Njombe na Rukwa, kila mmoja takriban asilimia 50. Hii ndiyo mikoa inayoilisha nchi mahindi, viazi na maharage! Kwa hiyo anayesema shida ni uhaba wa chakula peke yake hajaingia kwenye nyumba zetu. Nimeona ghala limejaa na mtoto anakula uji mwepesi wa sembe mara mbili kwa siku, kwa kuwa mama yuko shambani kutwa na aliyeachiwa mtoto ni dada yake mwenye miaka saba. Huwezi kuona hilo ukiwa zahanati. Unaliona ukifika saa tano asubuhi nyumbani na kukuta nani yuko na nani hayupo.

Mwalimu wa Hesabu

Dada yangu, nakushukuru kwa uzi wenye uzito. Hata hivyo niruhusu nikupinge kidogo. Nchi yenye udumavu wa asilimia 30 inahitaji kwanza maziwa, mayai na maji safi. Kumpeleka mhudumu akakae saa nzima akicheza na mtoto mwenye njaa naona ni anasa iliyotoka kwenye nchi zilizoshiba. Je, kuna ushahidi wowote, wa nchi maskini, kwamba kucheza na kuzungumza kunabadili maisha ya mtoto aliyedumaa?

Binti wa Kitulo

Mwalimu, swali lako ni la haki, nami niliwahi kuliuliza kwa sauti kali kuliko yako kwenye mafunzo. Jibu nililopewa siku ile lilinifanya nibadilike.

Mwaka 1986 na 1987, Kingston, Jamaika, timu iliyoongozwa na daktari Sally Grantham-McGregor iliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya watu maskini. Waligawanywa katika makundi manne kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa kila wiki kilo moja ya maziwa ya unga ya watoto. La pili lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii kwa saa moja kila wiki, muda wa miaka miwili, akimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa kwa makopo, vitambaa na mbao. La tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata chochote kati ya hivyo. Wahudumu hao walikuwa wanawake wa kawaida wa kule kule, wenye elimu ya kiasi kama yangu.

Mwanzoni maziwa yalisaidia, na michezo ilisaidia, na vyote viwili kwa pamoja vilisaidia zaidi. Jambo la ajabu lilikuja baadaye. Watoto wale walipofuatiliwa hadi utu uzima, faida ya maziwa peke yake haikuonekana tena, lakini waliotembelewa na kuchangamshwa walikuwa wamesoma zaidi, na kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchangamshwa. Walikuwa wamewafikia kwa kipato watoto wa mitaa ile ile ambao hawakuwahi kudumaa.

Sisemi kwamba chakula si kitu. Mtoto mwenye njaa apewe chakula leo, na mimi mwenyewe nimepeleka wengi hospitalini baada ya utepe wa kupima mkono kuonyesha rangi nyekundu. Ninachosema ni kwamba maneno na michezo si anasa inayosubiri shibe, kwa sababu miaka ile miwili au mitatu haimsubiri mtu.

Na hapa kuna jambo ambalo wapangaji wetu wanapaswa kulisoma kwa makini. Watafiti wale wale wa Jamaika walilinganisha ziara za mara moja kwa mwezi, za kila baada ya wiki mbili, na za kila wiki, wakachapisha matokeo mwaka 1989. Ziara ya mara moja kwa mwezi haikuleta mabadiliko ya maana katika ukuaji wa akili ya mtoto. Ya kila wiki mbili ilileta kidogo, na ya kila wiki ikaleta zaidi. Mwalimu, wewe ni mtu wa hesabu: linganisha na zile kaya zangu 60 kwa mwezi.

Mwalimu wa Hesabu

Nimekuelewa, nami naondoa neno anasa. Sasa hesabu uliyoniachia nimeipiga. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wastani wa kaya ni watu 4.3. Wahudumu wakiwa wawili kila kitongoji na mtaa, idadi ya 137,294 inamaanisha vitongoji na mitaa 68,647, hivyo kila kimoja kina watu kama 900, yaani kaya zipatazo 210. Kila mhudumu atabeba takriban kaya 105. Kwa kukadiria kiwango chetu cha uzazi, ndani yake watakuwamo watoto wa chini ya miaka mitatu wasiopungua 40. Kumtembelea kila mmoja saa moja kila wiki ni saa 40 za kukaa tu, bila kuhesabu kutembea milimani, wala kifua kikuu, malaria, wajawazito na wagonjwa wa kisukari, ambao wote ni wa mhudumu huyo huyo. Haiwezekani.

Binti wa Kitulo

Ni kweli haiwezekani, na ndiyo maana nataka tuseme waziwazi badala ya kuandika kwenye mpango kwamba kila mtoto atatembelewa, kisha mhudumu akajaza fomu akiwa ameketi chini ya mwembe wake.

Maoni yangu ni kwamba ziara ya kila wiki iwekwe kwa wachache wanaoihitaji kuliko wengine: mtoto ambaye mstari wake wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala au unateremka, mama aliyejifungua akiwa bado binti wa shule, pacha, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, mtoto mwenye ulemavu, na yule anayelelewa na bibi baada ya mama kufariki au kwenda mjini. Katika kitongoji changu hao hawajawahi kuzidi kumi kwa wakati mmoja. Wengine wakutane kwa vikundi vya akina mama kumi au kumi na wawili mara mbili kwa mwezi, jirani na nyumbani, na siku ya afya na lishe ya kijiji iwe mahali pa kuwatambua wanaohitaji kufuatwa. Huko ndiko kuhesabu ninakokutaka mimi, yaani ujue ni nani usiyepaswa kumkosa wiki hii.

Mkisii wa Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Sisi wahamasishaji wetu wa afya ya jamii walizinduliwa rasmi Septemba 2023, zaidi ya 100,000, kila mmoja akipewa begi la vifaa na simu, na kila mmoja akiwa na kaya kama 100. Malipo ni shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mimi ni mmoja wao. Simu ni msaada mkubwa kwa kumbukumbu, lakini nakubaliana na dada: mama akiona macho yangu yako kwenye kioo tangu nilipoingia hadi nilipotoka, hawezi kunieleza kilichomsibu usiku. Siku hizi ninajaza nikiwa nimeshatoka, kwenye jiwe lililo njiani.

Baba Wawili

Naomba kuchangia kama mzazi. Ninafanya kazi kwenye mashamba ya chai Mufindi. Mke wangu alitembelewa na mhudumu kwa watoto wetu wote wawili, na ziara zote zilifanyika nikiwa kazini. Nilichokuwa nakipata ni taarifa: leo tumeambiwa tuongeze karanga kwenye uji, leo tumeambiwa tusimchape. Nilikuwa naona kama naamrishwa ndani ya nyumba yangu na mtu nisiyemjua. Mpaka mhudumu yule alipokuja Jumapili, akanisalimia, akaniomba nimshike mtoto na kumfuatisha sauti anazotoa. Mtoto akanijibu. Sijui niliseme vipi, lakini siku hiyo ndiyo niliyoanza kuwa baba wa mtoto ambaye alikuwa ameshatimiza miezi mitano. Kwa nini baba ameachwa nje ya mipango hii?

Binti wa Kitulo

Kaka, asante sana kwa ushuhuda huu, na naukubali kama lawama inayonihusu pia, maana kwa miaka mingi nami nilipanga ziara zangu saa ambazo akina baba hawapo, kwa kuwa ilikuwa rahisi.

Wenzetu wa Rwanda walilitazama jambo hili tangu mwanzo. Programu yao inayoitwa Sugira Muryango ilizifikia familia maskini zenye mtoto wa miezi 6 hadi 36 ambazo tayari zilikuwa katika mpango wa taifa wa kuzisaidia kaya maskini, mfano wa TASAF yetu. Mgeni alikwenda nyumbani kwa masomo 12, na baba alitakiwa awepo, acheze na mtoto mbele ya mgeni, na azungumze na mkewe kuhusu ugomvi na namna ya kuamua mambo pamoja. Ilijaribiwa kwa familia zaidi ya 1,000 katika wilaya za Nyanza, Ngoma na Rubavu, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha baba wakishiriki zaidi katika malezi, na adhabu kali kwa watoto na ukatili dhidi ya wanawake vikipungua.

Naona hekima mbili hapo. Ya kwanza ni kwamba ziara iliungana na msaada wa fedha, hivyo mama hakuambiwa kuhusu mayai na mtu anayejua kwamba hana hela ya kununua hata moja. Ya pili ni kwamba waliona nyumba yenye vipigo haiwezi kumlea mtoto kwa utulivu, hata kama kuna makopo ya kuchezea kila kona. Mkoa wetu una ulanzi, pombe ya mianzi, wote mnajua msimu wake na mnajua usiku wake. Hakuna fomu niliyowahi kupewa iliyouliza kuhusu hilo.

Muuguzi wa Ohio

Shikamoo dada mleta uzi. Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi ya uuguzi Marekani. Hapa kuna programu ya zamani iliyoanzishwa na David Olds, ambayo ilijaribiwa kwanza katika mji wa Elmira, jimbo la New York, mwishoni mwa miaka ya 1970. Muuguzi humtembelea mama maskini mwenye mimba ya kwanza, kuanzia kabla hajajifungua hadi mtoto atimize miaka miwili. Walipofuatiliwa baada ya miaka 15, matukio ya watoto kuteswa au kutelekezwa yalikuwa karibu nusu ya yale ya familia ambazo hazikutembelewa. Tangu mwaka 2010 serikali ya Marekani hutenga fedha kwa kazi kama hii katika majimbo yote. Lakini Uingereza walipoichukua programu hiyo hiyo na kuipima kwa kina mama vijana 1,645, matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha faida ndogo sana. Nionavyo mimi, sababu kubwa ni kwamba Uingereza kila mama mwenye mtoto mchanga tayari hutembelewa na muuguzi wa umma, hivyo nyongeza haikuonekana. Faida ya ziara inategemea mama alikuwa na nini kabla hujapiga hodi.

Binti wa Kitulo

Marhaba mdogo wangu. Hilo la Uingereza sikuwa nalijua, na linanipa matumaini kuliko kunivunja moyo, kwa kuwa mama wa kitongoji changu kabla ya hodi yangu alikuwa na zahanati iliyo mbali kwa saa mbili za mguu, basi.

Ule mradi wa baiskeli ulifungwa baada ya miaka mitatu. Hatukuagwa, posho ilikoma tu. Kwa miezi kadhaa kina mama walinisimamisha njiani wakiuliza kwa nini siji, na sikuwa na jibu la kuwapa. Niliendelea na nyumba mbili tu, moja ikiwa ya yule mtoto wa mvua. Anayetaka kuwa na wahudumu 137,294 ajue kwamba mtoto wa mwaka mmoja hawezi kusubiri awamu ya pili ya ufadhili, na kwamba posho ya mhudumu ikichelewa, kinachokufa kwanza ni ile saa ya kukaa.

WAJA Mpya

Shikamoo mama. Nimemaliza mafunzo mwezi uliopita, nina miaka 23 na sina mtoto. Jumatatu naanza nyumba zangu za kwanza. Naogopa kina mama watanidharau. Nikishapiga hodi nifanye nini hasa?

Binti wa Kitulo

Marhaba mwanangu. Nitakueleza ninavyofanya mimi.

Usiende na fomu mkononi. Iweke kwenye mkoba. Beba kopo tupu lililooshwa lisilo na makali, vizibo vikubwa vya plastiki ambavyo mtoto hawezi kuvimeza, na magunzi mawili ya mahindi. Salimia wakubwa kwanza, na kama bibi yupo muombe ruhusa yeye, kwa kuwa yeye ndiye atakayeamua kama maneno yako yataishi baada ya wewe kuondoka. Ukimkuta mama anapukuchua maharage, keti upukuchue naye. Muulize mtoto amelalaje, kisha unyamaze umsikilize.

Sifu kitu kimoja cha kweli ulichokiona akimfanyia mtoto. Halafu mpe mama lile kopo, usimpe mtoto wewe mwenyewe. Hapa ndipo wahudumu wengi tunapokosea, tunacheza na mtoto vizuri mama akitutazama, tukiondoka mchezo nao unaondoka. Mama atumbukize kizibo, amwambie mtoto kimeingia, amsubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Wengi hujibu wenyewe kabla mtoto hajapata nafasi. Mtoto akitoa sauti yoyote, mama airudie. Kadi ya kliniki itazame baadaye, mkiwa mmeshacheka pamoja, na ukiona mstari umelala usimkaripie, muulize siku zilizopita zilikuwaje.

Kuhusu kutokuwa na mtoto, watakuuliza. Wajibu kwamba umekuja kujifunza kwao pia, na uwe unamaanisha. Kabla ya kuaga, taja siku utakayorudi, na siku hiyo urudi hata kama mvua inanyesha. Ukishamaliza nyumba tatu za kwanza, njoo hapa utuandikie ulichokikuta, nami nitakujibu.